Mikono ya Kushoto

Nilikuwa na andazi mdomoni mwalimu mkuu alipotusomea ile barua. Nalisema hili mapema kwa sababu wenzangu mpaka leo wanadai kwamba nililia. Sikulia. Andazi lilinikwama kooni, na mtu akikwamwa na andazi macho hutoa maji, hata awe mwanamume wa aina gani.

Barua ilitoka wizarani. Ilisema kila mwalimu wa sekondari sharti awe na digrii. Mwenye diploma arudi chuoni akasome, na muda uliowekwa ukiisha kabla hajahitimu, darasani hana tena nafasi. Chumba kizima cha walimu kiligeuka kunitazama. Mimi nina diploma. Nilikuwa nimefundisha kilimo katika shule ile ya Mella, wilayani Tororo, kwa miaka ishirini na sita, na mwalimu mkuu mwenyewe alipokuja pale akiwa mwalimu mpya, mimi ndiye niliyemwonyesha choo kiliko.

"Mwalimu, usikasirike," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Hii maneno haitoki kwa mimi. Inatoka Kampala."

"Kampala wanajua kupanda mtama?"

"Hawajui. Lakini mshahara iko kwao."

Nilienda nyumbani nikitaka kuhurumiwa. Mke wangu amezaliwa ng'ambo, Busia ya Kenya, na anauza mitumba katika soko la Malaba. Huruma yake huipima kama anavyopima wateja wake, kwa jicho moja. Nilipomweleza alicheka hadi akashika ukuta.

"Yaani baba watoto utabeba sanduku la bati? Na godoro kichwani? Ngoja nikutafutie soksi ndefu, leo nimefungua belo ya nguo za watoto."

"Cheka tu," nikamwambia.

Alifuta macho kwa upindo wa leso. "Sikia, mzee. Usiposoma watakufukuza. Wakikufukuza utakaa hapa nyumbani asubuhi hadi jioni ukinifundisha kusonga ugali. Mimi hiyo siiwezi. Jipange, uende shule."

Basi nikajipanga, nikaenda. Tulisoma wakati wa likizo, katika tawi la chuo kikuu kimoja, na siku ya kwanza nilipoingia ukumbini nilidhani nimekosea njia nikaingia mkutano wa wastaafu. Mvi tupu. Miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama mmoja kutoka Sikuda alikuja na mto wa kukalia kwa ajili ya mgongo. Kisha akaingia mhadhiri, kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, akatutangazia kwamba mtaala umebadilika. Zile siku za mwalimu kujaza vichwa vya watoto kama mitungi zimekwisha. Mwalimu wa leo hafundishi, anawezesha. Mwanafunzi ndiye azungumze, ajaribu, akosee, agundue mwenyewe. Mwalimu aongee kidogo kabisa.

Haya alituambia kwa saa tatu mfululizo, bila kumeza mate, wala kumuuliza mtu yeyote swali. Jirani yangu, mzee wa hesabu, alianza kukoroma. Sikumwamsha. Niliona anagundua mwenyewe.

Kusema kweli sikuamini hata neno moja. Mimi nilisomeshwa kwa ubao, nami nikasomesha kwa ubao, na dunia haikuanguka. Nilikuwa na daftari moja lenye jalada gumu ambalo nililiandika mwaka wangu wa kwanza kazini, na kila mwaka nililinakili ubaoni kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Wenzangu waliponicheka niliwauliza: magugu yamebadilika? Jembe limebadilika? Sasa daftari libadilike kwa nini?

Mitihani ya chuo niliipita kwa kujikokota, mmoja baada ya mwingine. Likabaki jambo moja tu, nalo ndilo lililonitia homa: mazoezi ya kufundisha. Lazima mtu atoke chuoni aje kukaa nyuma ya darasa, akutazame ukifundisha, akupe alama. Ukifeli hapo, digrii hakuna. Digrii ikikosekana, kazi hakuna. Na kwa kuwa sisi tulikuwa walimu tayari, tulipaswa kufanya mazoezi hayo katika shule zetu wenyewe. Mimi, na ubao wangu wa miaka ishirini na sita, nikafanye mazoezi mbele ya watoto niliokuwa nawachongea penseli!

Watoto wana masikio. Siku mbili hazikupita wakajua.

"Ticha, kumbe na wewe unafanya mtihani?"

"Ticha, ukifeli utarudia kidato cha pili na sisi?"

Aliyeuliza hilo la pili nilimtuma akateke maji ya bustani. Alirudi bado anacheka, mshenzi yule.

Sasa nitasema jambo ambalo mwalimu mwenye akili zake halisemi hadharani. Kulikuwa na ujanja. Sikuubuni mimi, niliurithi kwa mwalimu aliyenitangulia, kama mtu anavyorithi shamba. Siku moja kabla ya mkaguzi kuja, unafunga mlango wa darasa na kuwaambia watoto: kesho nikiuliza swali, kila mtu anyooshe mkono. Asibaki hata mmoja. Anayejua jibu anyooshe wa kulia. Asiyejua anyooshe wa kushoto. Mimi nitawachagua wa kulia tu. Mgeni akikaa nyuma ataona darasa zima linajua kila kitu, na kila anayeitwa anajibu sawasawa. Nilikuwa nimewatumia wakaguzi wote ujanja huo, na wote waliandika kwamba wanafunzi wangu ni hodari ajabu.

Kwa hiyo siku ile nikafunga mlango, nikawaeleza kidato cha pili. Mtoto mmoja akaomba kuuliza.

"Ticha, mimi ni mtu wa kushoto. Naandika na kushoto."

"Kesho kama unajua, nyoosha kulia."

"Na kama nasahau?"

"Kesho usisahau. Kesho ukisahau mimi nitakuwa nyumbani nasonga ugali."

Hawakuelewa, lakini waliona uso wangu, wakanyamaza.

Mtahini wangu alifika asubuhi kwa bodaboda. Alikuwa mama wa makamo, suti ya bluu, faili kwapani. Nilikuwa nimesimama mbele ya ofisi na koti langu la harusi, ambalo siku hizi linakubali kifungo kimoja tu. Akampa mwalimu mkuu mkono. Akawapa walimu wengine mkono. Alipofika kwangu aliweka mkoba chini, akakusanya sketi, akapiga magoti palepale kwenye kokoto, kama binti zetu wanavyowasalimu baba zao.

"Habari za miaka mingi, Mwalimu. Wewe ulinifundisha mimi, hapa hapa."

"Nzuri, binti yangu, nzuri. Inuka, inuka utachafuka!"

Sikumkumbuka hata kidogo. Nilitafuta uso ule kichwani sikuuona, lakini moyo ulikuwa unacheza ngoma. Nani amewahi kumfelisha mtu aliyempigia magoti? Nilimtupia mwalimu mkuu jicho la kumuuliza kama ameona. Alikuwa ameona. Niliingia darasani kifua mbele, na kile kifungo kimoja kikakatika.

Somo lilikuwa kayongo. Kwa asiyetoka kwetu, kayongo ni lile gugu la maua ya zambarau linaloota kwenye mtama na mahindi na kuyanyonya mizizini hadi yadumae. Ni adui wa kila mtu kuanzia Busia hadi Tororo. Nilikuwa nimepanga madawati kwa makundi, kama mtaala mpya unavyotaka, na kila kundi nimelipa karatasi ya manila na kalamu nene. Pia nilikuwa nimeliambia kila kundi likae kimya.

Niliandika ubaoni kutoka kwenye daftari. Wakanakili. Kisha nikageuka na kuuliza kwa sauti ya mtu anayewezesha: "Nani atatutajia njia tatu za kudhibiti kayongo?"

Mikono sitini ikaenda juu kwa pamoja. Ilipendeza, nasema kweli. Nikamchagua mmoja wa kulia. Akajibu kama redio: kupalilia, kunyunyizia dawa, kuchoma shamba. Mpigieni makofi! Nikauliza la pili, nikachagua wa kulia. Makofi. La tatu, makofi. Nikachungulia nyuma nione mtahini anavyoandika.

Hakuwa anaandika. Alikuwa ameweka kalamu, anaitazama ile mikono kwa utulivu, na kwenye midomo yake kulikuwa na tabasamu ambalo sikulipenda.

"Mwalimu," akasema, "niruhusu na mimi niulize." Nitakataaje? Akasimama. "Nitarudia lile lile la kwanza. Mikono juu." Ikaenda juu. "Wewe hapo. Mwenye mkono wa kushoto."

Mtoto akanitazama. Mimi nikaitazama dari.

"Sijui, madamu."

"Asante. Na wewe, wa kushoto?"

"Hata mimi sijui."

"Wewe?"

Hapo ndipo watoto walipong'amua kwamba wa kushoto wanawindwa. Kufumba na kufumbua mikono ya kushoto yote ikashuka, ya kulia ikapanda. Wale waliokuwa na ya kulia tangu mwanzo, walipoona hivyo, wakaogopa, wakabadili kwenda kushoto. Yule mtoto wa kushoto wa kuzaliwa alichanganyikiwa kabisa akaanza kuwauliza wenzake mkono upi ni upi. Mmoja nyuma akanyoosha yote miwili, kajilinda pande zote. Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zilikuwa zimevutwa hadi zikawa miaka ishirini na sita. 

Katika fujo ile binti mmoja hakuwa amebadilisha chochote. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, anatoka Merikit, anakuja amechelewa kila siku, na kwa mwaka mzima sidhani kama nilikuwa nimesikia sauti yake. Mkono wake wa kushoto ulibaki juu, umenyooka. Mtahini akamsogelea.

"Nyumbani kwenu kuna kayongo?"

"Iko, madamu. Mingi sana."

"Mnaifanya nini?"

Binti alinitazama kidogo, akaona sina msaada, akasimama. Alisema nyanya yake hapalilii kayongo kwa jembe, kwa sababu ukiiona imechomoza ujue imeshakula huko chini. Wanaing'oa kwa mkono kabla haijatoa maua. Hawaitupi kando ya shamba, na ng'ombe hawapewi, maana ng'ombe akiila mbegu zinapita nzima, na ukibeba samadi unakuwa umejipandia mwenyewe. Wanaitia kwenye gunia na kuichoma jikoni. Na katikati ya mtama nyanya anapanda karanga.

"Uongo!" mtoto mwingine akadakia. "Kwetu tulipanda karanga na ilirudi!"

"Mlipanda mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja! Nyanya yangu amepanda miaka minne."

Mama wee, darasa likalipuka. Huyu anasema mjomba wake anapanda muhogo kwanza, yule anasema muhogo ni uvivu, kundi la dirishani limeshachora shamba zima kwenye manila bila kuombwa. Nami nilikuwa nimesimama katikati yao na chaki mkononi, nikasikia mtu anauliza kwa hamu, "Na mwaka wa nne ikaisha kabisa?" Mtu huyo alikuwa mimi. Kengele ililia na hakuna aliyeinuka.

Tulikaa baadaye katika stoo ya majembe, mtahini na mimi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa tupu. Nilijaribu kucheka.

"Watoto wa siku hizi! Umeona walivyochangamka?"

"Nimeona, Mwalimu. Somo la leo umefeli." Alilisema kwa heshima kabisa, kama mtu anayemwambia mzee kwamba zipu iko wazi. "Kanuni zinaniruhusu kuja mara ya pili. Nitakuja Alhamisi. Ukifeli tena, hakuna ya tatu."

Hasira zilinipanda. Ningependa kuandika kwamba nilipokea kwa unyenyekevu, lakini sikupokea hivyo. Nilimwambia kwamba amenivizia. Nilimwambia kwamba wakaguzi wote kabla yake waliridhika. Kisha nikamwuliza alijuaje habari ya mikono.

"Mwalimu, mimi nilikuwa kushoto," akasema. "Miaka minne."

Akafunga faili, akaendelea.

"Mwanzoni ni kweli sikujua majibu. Baadaye nikayajua, lakini ulikuwa umeshanizoea huko. Siku moja alikuja mkaguzi, ukauliza swali, na mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa na uhakika. Nikanyoosha wa kulia hadi nikainuka kwenye benchi. Ukanitazama, ukaniruka. Somo lilipokwisha ukanichapa viboko viwili, ukasema nimechanganya mikono."

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambiaje, Mwalimu, na hukuniuliza?"

Niliona haya. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikaa pale kati ya majembe na mapanga nikihesabu moyoni madarasa yote niliyoyafungia mlango, na katika kila darasa nusu ya mikono ilikuwa ya kushoto.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu kila kitu, nikitarajia acheke. Hakucheka. Alikuwa anakunja suruali za watoto, akaendelea kukunja.

"Mimi pia shuleni hakuna mtu aliniuliza kitu," akasema. "Nilidhani ni mimi mjinga." Kisha akanirushia suruali moja. "Shika hiyo, kunja. Na Alhamisi hilo koti usilivae, linakufanya uwe kama gunia lililoshonwa vibaya."

Alhamisi mtahini alifika, akapiga magoti tena kwenye kokoto. Safari hii sikuona fahari yoyote. Nilitaka ainuke haraka.

Sikubeba daftari. Niliwatoa watoto darasani, nikawapeleka kwenye bustani ya shule, hatua hamsini kutoka dirishani, ambapo mtama wetu ulikuwa umejaa kayongo inayotoa maua bila wasiwasi. Ilikuwa pale kila mwaka. Kila mwaka mimi nilikuwa ndani, naichora ubaoni. Nikawauliza, "Haya, tufanye nini?" nikanyamaza. Jamani, kunyamaza ni kazi! Nilijisikia kama mtu aliyebanwa na haja katikati ya misa. Maneno yalikuja hadi kwenye meno nikayarudisha. Binti wa Merikit ndiye aliyewagawa wenzake, mimi akanipa gunia nishike. Walibishana, wakang'oa, wakakosea wakang'oa na mtama, wakatukanana kidogo kwa Dhopadhola, lugha yao ya nyumbani, wakidhani sielewi. Kila aliyekaa pembeni nilimfuata na kumuuliza anaonaje. Wengine hawakuwa na la kusema. Mmoja alisema jambo la kipuuzi. Wawili walisema mambo ambayo sikuwa nayajua, na sikuona aibu kuyaandika kwenye kiganja.

Mtahini alijaza fomu yake akiwa amesimama kwenye matuta, viatu vimejaa udongo. Akanionyesha. Alama haikuwa ya kumtangazia jirani, lakini ilikuwa ya kupita.  Digrii nitapata. Kazi ninayo. Nilitaka kumkumbatia, lakini gunia la kayongo lilikuwa bado mkononi.

Nilimsindikiza hadi barabarani, ambako boda yake ilikuwa inamngoja.  Nilikuwa bado sijaukumbuka uso wake wa utoto, na sikutaka kumdanganya kwamba nimeukumbuka. Alipokuwa anafunga mkoba nikamwuliza.

"Siku ile ya mkaguzi. Swali lilikuwa lipi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Uliuliza kwa nini kayongo hurudi, hata shamba likilazwa miaka mitatu."

"Haya," nikasema. "Jibu."

Alinitazama aone kama natania. Kisha akaweka mkoba chini. Mwenye boda akazima injini.

"Kwa sababu mbegu yake haifi, Mwalimu. Ni ndogo kama vumbi. Inalala udongoni miaka na miaka, mpaka siku mzizi wa mtama utakapopita karibu yake."

"Sahihi," nikamwambia. "Sahihi kabisa."

Akasema, "Asante, Mwalimu," na sauti yake haikuwa tena ya mtahini, ilikuwa ya yule mtoto aliyeinuka kwenye benchi.